Bwawa la Pakrashi Juu ya Paa

Mvua ya kwanza ya msimu ilipoanza kunyesha mjini Chuchura, Hemprabha Sarkhel alipanda juu ya paa kuokoa mitungi ya achari ya maembe aliyokuwa ameianika tangu asubuhi. Aliikuta inaelea. Paa lote, kutoka ukuta wa kaskazini hadi kwenye tangi, lilikuwa bwawa. Lilikuwa bwawa la kizamani, lenye ngazi za matofali mekundu za kuteremkia majini, ngazi moja imemeguka pembeni, na magugu maji yamejazana upande wa kivuli. Mdiria alikaa kwenye waya wa kuanikia nguo akitazama chini kwa makini. Hemprabha alikunja sari yake, akaingia mpaka magotini, akaanza kuvuta mitungi mmoja mmoja.

"Wifi!" aliita kuelekea ngazini. "Bwawa limefika."

Bibha, mjane wa kaka yake, alipanda na mwiko mkononi. Alisimama mlangoni, akashika kiuno.

"Mitungi mingapi imeingia maji?"

"Miwili."

"Ya tamu au ya haradali?"

"Ya haradali."

"Nilijua. Mwaka mzima tutakula wali mkavu kwa sababu ya kitabu. Na nguo nianike wapi sasa? Kichwani kwako?"

"Waya upo."

"Waya una ndege."

Bibha akarudi jikoni, maana dengu zilikuwa motoni.

Haikuwa mara ya kwanza. Hemprabha alikuwa akiandika riwaya za upelelezi wa mambo ya kale, na alikuwa ameziandika tangu ujana wake, alipokuwa akiunganisha simu za watu kwenye ofisi ya posta na kupata nafasi ya sentensi mbili tatu kati ya simu na simu. Hakusoma chuo. Alijifunza kwa kukaa na kesi za zamani mpaka zikamzoea, kwa kwenda kwenye magofu na kamba ya kupimia, na kwa kuwauliza wazee swali moja mara nyingi. Mpelelezi wake alikuwa tabibu Shyamakanta, mtu wa enzi za mababu, ambaye huwashika watuhumiwa kifundo cha mkono akasikiliza mapigo ya damu. Kila mwaka riwaya mpya ya Shyamakanta ilitoka kwanza katika toleo nene la sikukuu ya mungu wa kike Durga, lile ambalo kila nyumba ya Kibengali hununua na kugombania, kisha wakati wa baridi ikatoka kama kitabu chenye jalada gumu.

Na kila Hemprabha alipoupata ukweli, mahali pa tukio palikuja nyumbani kwake.

Mwaka wa kwanza ilikuja ngazi ya mbao ya mfanyabiashara wa Kiarmenia, ile aliyosukumwa akaanguka. Ilisimama sebuleni ikielekea darini, pasipokuwa na mlango. Mwaka mwingine lilikuja birika la kuchachulia nili, likaziba choo miezi minne, na marehemu kaka yake, ambaye hakuwa mtu wa kulalamika, alikwenda kazini na mikono ya buluu. Riwaya ilipochapishwa kama ilivyoandikwa, mahali pale palirudi kwao, kwa kawaida alasiri, bila kelele. Alipokosea, hakikuja kitu. Riwaya ya nne aliimaliza kwa kumtia hatiani daktari wa Kiholanzi, akakaa majuma matatu akingoja, nyumba ikabaki ile ile. Akairudia, akamtia hatiani mke wa daktari, na asubuhi yake chumba cha dawa kilikuwa kimeketi barazani, kinanuka kafuri. Kwa hiyo hakuwa na haja kubwa ya wahakiki.

Watu wa mtaa wa Shibtala walikuwa wamezoea. Walipopita mlangoni walimuuliza tu, "Mwaka huu nini, dada Hem?" kama mtu anavyouliza mmetia nini chunguni.

Mwaka huu hakuna aliyehitaji kuuliza. Bwawa hilo kila mtu alilijua. Lilikuwa la nyumba ya Pakrashi, nyumba kubwa yenye nguzo mwisho wa barabara, na nyuma ya nyumba hiyo sasa palikuwa na shimo la tope ambalo ng'ombe walisimama ukingoni mwake wakilitazama.

Kisa chenyewe watoto wa Shibtala hukisikia kabla hawajajua kusoma. Miaka mia na thelathini iliyopita, katika nyumba hiyo, aliishi mjane kijana jina lake Soudamini, mke wa marehemu mwana mkubwa. Mjane huvaa nyeupe tupu. Siku ya saba ya sikukuu ya Durga alikutwa bwawani amekufa, naye amevaa sari nyeupe yenye pindo jekundu, vazi la mke mwenye mume. Wakasema alijipamba kwa ajili ya mwanamume, na kwamba mtumishi wake Khiroda, aliyemsaidia kujipamba, ndiye aliyemsukuma majini ili amwibie vidani. Khiroda alivushwa maji meusi ya bahari kwenda visiwa vya wafungwa, hakurudi. Ukoo wake ulibaki. Tangu siku hiyo mtu wa ukoo wa Khiroda hateki maji katika bwawa la Pakrashi, hagusi chombo cha ibada, na siku za sikukuu husimama nje ya lango.

Hemprabha alikuwa amekiacha kisa hicho maisha yake yote, kwa sababu kilikuwa karibu mno. Akakichukua alipofika miaka sitini na moja, na kilichomfanya akichukue ni jambo ambalo Pakrashi wenyewe hujivunia.

Asubuhi ya siku ya saba, kila nyumba inayoabudu hupeleka majini bibi harusi wa mgomba. Ni mche wa mgomba uliofungwa na majani ya miti mingine, ukavishwa sari nyeupe yenye pindo jekundu, ukafunikwa ushungi mpaka chini, ukaonekana kama mwari mwenye haya. Unaogeshwa, unarudishwa kwa ngoma na vigelegele, unasimamishwa kando ya sanamu ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo. Nyumba zote humwogesha mara moja. Pakrashi humwogesha mara mbili, mara ya kwanza kabla jua halijachomoza, mara ya pili baada ya kuchomoza, naye mkuu wa nyumba humbeba kwa mikono yake. Ukiwauliza kwa nini, watakwambia ni uchaji wa mzee Ramjiban, babu wa baba zao, baba mkwe wa Soudamini.

Hemprabha aliligeuza jambo hilo kichwani msimu mzima wa joto. Kisha akamwandikia tabibu Shyamakanta swali moja: kama bibi harusi ni mmoja, yule wa kwanza alikuwa nani? Soudamini alikuwa amedai mahakamani fungu la ardhi ya marehemu mumewe. Ramjiban alimziba pumzi chumbani, akamvisha sari ya mgomba, akamfunika ushungi, akambeba mbele ya mtaa mzima huku ngoma zinalia, akamzamisha bwawani na kumwacha humo. Watu wakapiga vigelegele. Hakuna aliyetazama chini ya ushungi, kwa sababu hakuna mtu anayetazama chini ya ushungi wa bibi harusi wa watu. Jua lilipotoka akambeba mgomba wenyewe, na Khiroda, ambaye ndiye aliyeufunga ule mgomba na kujua ulikuwa mmoja tu, akafungua mdomo kuuliza. Ndipo wakasema ni yeye.

Siku aliyoandika sura hiyo ya mwisho, bwawa lilikuja.

Anadinath Pakrashi alifika kesho yake jioni na boksi la peremende za maziwa. Alikuwa mzee wa miaka sabini, mpole, mwenye miwani ya kamba, mkuu wa nyumba ile na pia mhariri wa jarida linalotoa toleo la sikukuu. Ndiye aliyechapisha kila riwaya ya Hemprabha. Alipanda polepole mpaka juu, akasimama kwenye mlango wa paa, akalitazama bwawa la babu zake.

"Limekaa vizuri," alisema.

"Limeniziba tangi, kaka Anadi."

"Samaki wamekuja nao?"

"Wote. Wifi alimvua mmoja asubuhi kwa kapu la mboga."

"Hao samaki warui niliwaweka mwenyewe," alisema Anadinath, bila kinyongo. "Sasa, Hem, siku ya saba tunahitaji bwawa. Litarudi lini?"

"Unajua litakavyorudi. Chapisha kama nilivyoandika, litarudi lenyewe siku hiyo hiyo."

"Mimi nimewahi kukubadilishia hata nukta?"

Hemprabha alifikiri. Wauaji wake mpaka hapo walikuwa Mwingereza wa mashamba ya nili, Mreno wa mtoni, mke wa Mholanzi, na wengine wa namna hiyo, watu ambao wameacha makaburi mjini lakini hawakuacha wajukuu.

"Hujawahi," alisema.

"Basi nipe karatasi zako, nikasome."

Akampa. Bibha akaleta chai, na Anadinath akanywa akiwa amekaa kwenye ngazi za bwawa lake, viatu amevivua kando.

Panchibala, mjukuu wa wajukuu wa Khiroda, alikuwa akiuza samaki katika soko la Shibtala. Alikaa nyuma ya kisu kikubwa kilichosimama, mguu mmoja umekishikilia, na alikuwa na mdomo mkali kuliko kisu. Hemprabha alikwenda kumwambia kabla ya watu wengine.

"Panchi, hakuwa Khiroda."

"Nipishe, dada, unazuia wateja." Panchibala alipasua kichwa cha samaki vipande viwili. "Nani alikwambia nadhani ni yeye?"

"Nina ushahidi. Bwawa liko juu ya paa langu."

"Nimesikia. Mtaa mzima unavua bure, mimi nimekaa na samaki wanaoza. Ushahidi wako umenitia hasara tangu juzi."

"Litatoka katika toleo la sikukuu. Watu wote watasoma."

"Watasoma, halafu?" Alimtupia mteja samaki wake kwenye mfuko. "Watanipa kigoda nikae? Mama yangu alikufa akisema angependa kuteka maji ya ibada kwa kile chungu cha shaba siku ya saba, mara moja tu, akishike shingo, apande nacho. Mimi nilimwambia, mama, shaba ni nzito, unaitakia nini? Nenda zako, dada. Au nunua."

Hemprabha alinunua, ingawa nyumbani walikuwa na samaki wengi kuliko wali.

Bwawa likazoeleka haraka. Halikuvuja hata tone. Mtu wa manispaa alikuja, akachovya kidole, akaonja, akasema ni bwawa, akaenda zake. Wanawake wa jirani walipanda kufua wakati maji ya bomba yalipokatika, na kina mama wawili wakaanza kuwafundisha watoto wao kuogelea, wakimwambia Hemprabha aache kuandika kwa sauti, maana alikuwa na tabia ya kusoma sentensi zake akitembea. Bibha aliwalalamikia wote, mmoja mmoja.

"Wifi, kuna bata."

"Wa nani?"

"Nimuulize? Wa bwawa. Ungeandika mapenzi tu kama wenzako, tungeletewa maua."

Majuma mawili baadaye Anadinath alimwita ofisini kwake. Karatasi zilikuwa mezani, zimefungwa kwa utepe. Aliagiza chai, akaondoa nzi kwenye sahani, akatafuta pa kuanzia.

"Ni kazi yako bora kuliko zote," alisema. "Nilipofika pale Shyamakanta anapouliza swali lake, nilisimama. Kweli nilisimama, mke wangu ni shahidi."

"Ahsante, kaka."

"Mwisho tu."

"Mwisho una nini?"

"Mwisho ni babu yangu."

"Ndiye aliyefanya."

"Sikatai," alisema Anadinath. "Bwawa liko kwako, nitakataaje? Lakini Hem, tazama. Nyumba yetu inafungua lango kwa sikukuu, watu elfu wanakula pale. Dada yangu Nistarini ana miaka themanini, anafunga tangu mwezi mchanga. Kisha mtu anakula wali wetu na mkono wa pili ameshika toleo linalosema mzee alimbeba maiti. Wali utashuka? Khiroda yeye amekwisha kufa, hana mtu wa kuumia."

"Ana wajukuu. Ndio wanaokuuzia samaki."

"Ndiyo, na tunanunua kwao. Hatujawahi kuacha kununua kwao." Alisema hivyo kwa moyo safi kabisa.

"Mara hii na wewe usome kama msomaji, si kama mjukuu," Hemprabha alisema, na sauti yake, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya chini, ilipanda kidogo. "Miaka thelathini na tano nimewatia hatiani wageni, hukuniambia wajukuu wao wanaweza kuumia. Sikuandika ili kumwaibisha mtu. Nimeandika kwa sababu watu wamesimama nje ya lango. Ukibadilisha, bwawa halirudi, na utaogeshea wapi?"

Anadinath alitikisa kichwa kwa ile namna inayoweza kuwa ndiyo.

"Itachapishwa," alisema. "Usiwe na wasiwasi. Kunywa chai, inapoa."

Toleo la sikukuu lilitoka mapema mwezi wa mawingu meupe, mvua zilipokwisha. Hemprabha alinunua nakala kwenye kibanda cha magazeti karibu na kivuko, akaifungua papo hapo, akaanzia mwishoni. Riwaya ilikuwa imechapishwa yote. Swali la Shyamakanta lilikuwapo. Baada ya hapo mtu alikuwa ameongeza nusu ukurasa, kwa lugha iliyofanana sana na yake, ambamo tabibu anamshika Khiroda kifundo cha mkono, anasikia mapigo yakienda mbio, na Khiroda anaanguka miguuni pake na kukiri. Bibi harusi wa kwanza, tabibu anaeleza, alikuwa mgomba uliopasuka, ikabidi wafunge mwingine. Mzee Ramjiban anasamehe.

Alirudi nyumbani kwa miguu ingawa jua lilikuwa kali. Alipanda mpaka juu. Bwawa lilikuwepo. Maji yalikuwa yamepanda, yameifunika ile ngazi iliyomeguka.

"Wamebadilisha?" aliuliza Bibha kutoka chini.

"Wamebadilisha."

"Basi nitanunua wavu wa maana. Kapu limetoboka."

Kila mtu Shibtala alijua kanuni ya nyumba ile. Kila mtu alijua kwamba mahali hurudi kwao ukweli ukichapishwa. Walisoma riwaya, wakapanda kuona, wakalikuta bwawa palepale, wakavua samaki wao.

"Labda limependa upepo wa huku juu," alisema mwalimu wa hesabu.

"Mabwawa ya zamani ni mazito," alisema mwenye duka la dawa. "Yanachelewa."

Barua za wasomaji zilikuja kama kila mwaka. Wengi walisema walimshuku Khiroda tangu mwanzo. Hemprabha aliwasimamisha watu barabarani, mmoja mmoja, akawaeleza kwa utaratibu, akianzia kwenye pindo jekundu. Walimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, wakakubali kila hatua. Wakifika kwenye jina la Ramjiban walisema, "Ndiyo, dada, inawezekana kabisa," kisha wakauliza kama warui wameanza kutaga.

"Ningependa mmoja abishe," alimwambia Bibha. "Mmoja tu. Mtu akibisha unajua amesikia."

"Mimi nitabisha," alisema Bibha. "Nibishe nini?"

Siku ya tano ya sikukuu Anadinath alikuja tena, safari hii pamoja na dada yake Nistarini, bibi mwembamba mwenye sauti ya kengele, msimamizi wa mambo yote ya ibada. Hawakuzunguka. Bwawa la kuogeshea ni hilo, walisema, mtoni hawajawahi kwenda, kwa hiyo siku ya saba msafara utapanda hapa.

"Mara mbili," alisema Nistarini. "Alfajiri na baada ya jua."

"Ghorofa tatu?" alisema Bibha. "Na ngoma?"

"Na ngoma, mwanangu. Utafagia ngazi?"

Hemprabha alitaka kusema hapana. Alimwangalia Bibha, na Bibha akatikisa kichwa, maana hata mtu mwenye hasira hafungi mlango mbele ya bibi harusi wa Durga.

"Kwa sharti moja," alisema Hemprabha. "Maji ya chungu cha shaba atayateka Panchibala. Hapa si kwenu. Hapa ni paa langu."

Nistarini alimtazama ndugu yake. Anadinath alitikisa kichwa, kwa namna ile ile.

Hemprabha alikwenda sokoni. Panchibala alimsikiliza huku akipara magamba.

"Wamesema ndiyo?"

"Hawakusema hapana."

"Dada, wewe umeandika vitabu vingapi?" Panchibala alicheka, akajipangusa jicho kwa kiwiko. "Haya. Sina kazi siku hiyo."

Alfajiri ya siku ya saba msafara wa kwanza ulipanda. Wapiga ngoma walikwama kwenye kona ya ghorofa ya pili, ngoma mbili zikiwa zimebanana, ikabidi mmoja arudi nyuma wa pili apite. Anadinath alimbeba bibi harusi wa mgomba kifuani, akipumzika kila ghorofa. Walimwogesha, wakashuka. Bibha akafagia majani ngazini kwa nguvu, ghorofa baada ya ghorofa.

Jua lilipotoka wakaja tena. Safari hii mtaa mzima ulikuwa nyuma yao, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuona ibada ya Pakrashi kutoka juu ya paa. Panchibala alikuwa amesimama kwenye mlango wa chini wa nyumba ya Hemprabha, amevaa sari safi ya kijani, ameshika chungu cha shaba ambacho inaonekana alikisugua kwa ukwaju usiku kucha, kinang'aa kama kipya. Nistarini alipofika mlangoni alisimama.

"Wewe baki hapa chini kwanza, Panchi," alisema. "Ngazi ni nyembamba."

"Niliambiwa nitateka maji, mama."

"Mwakani, mwanangu. Tutapanga vizuri."

Wakapanda. Hemprabha alikuwa juu, amesimama kwenye ngazi za bwawa, anamtazamia Panchibala. Alimwona mtoto wa dada wa Anadinath akipita na chungu kingine.

"Kaka Anadi, tulikubaliana."

"Hem, tazama watu walivyo wengi," alisema Anadinath akihema. "Tusimkasirishe mama Durga kwa mambo ya chungu."

Akateremka majini na mgomba wake mpaka kiunoni. Kuhani akasoma. Anadinath akamzamisha bibi harusi mara tatu, kama ilivyo desturi, wanawake wakapiga vigelegele, na alipomwinua mara ya tatu wakainuka wawili. Walisimama kando kwa kando kwenye ngazi iliyomeguka, wote wana sari nyeupe yenye pindo jekundu, wote wamefunikwa ushungi mpaka chini, wote wanachuruzika. Mmoja aliinama kidogo kama mgomba unavyoinama. Wa pili alisimama wima.

Ngoma zilinyamaza muda mfupi, kisha mpiga ngoma mkubwa akamtazama Anadinath, na Anadinath akamwashiria aendelee.

"Mmezamisha mmoja," alisema Hemprabha.

"Mungu akiongeza, mtu hahesabu," alisema Anadinath. Uso wake ulikuwa umelowa, na hakumtazama.

"Mfunue. Huyo wa pili. Mfunue ushungi hapo hapo, watu wote wapo."

Alimgeukia kuhani. Kuhani, kijana aliyesoma sana, alifunga kitabu kwa kidole.

"Mama, bibi harusi wa watu hafunuliwi," alisema kwa upole. "Hilo hata wewe umeliandika."

Hemprabha aliwatazama wengine. Mwalimu wa hesabu alikuwepo, mwenye duka la dawa alikuwepo, na kina mama wa kuogelea na watoto wao. Wote walikuwa wamesoma swali la Shyamakanta. Walimtazama yule wa pili kwa heshima. Mama mmoja alitia ncha ya sari yake mdomoni, kisha akapiga kigelegele kama wenzake. Hemprabha alishuka ngazi mbili, akanyoosha mkono mwenyewe kuelekea ushungi, na vijana wa Pakrashi wakaingia katikati, wakisema samahani shangazi, samahani, utateleza. Wakawabeba wote wawili. Yule wa mgomba alibebwa na Anadinath. Wa pili alikuwa mzito, walimshika watu wanne.

Wakashuka. Hemprabha alifuata nyuma, miguu imelowa, anasukumwa na umati. Kila ghorofa yule wa pili aliacha maji mengi kuliko mtu anavyoweza kubeba.

Mlangoni vijana walimsimamisha chini wabadilishane mikono. Panchibala alikuwa bado amesimama palepale na chungu chake. Aliinama, akatazama, akainuka.

"Mama," alimwambia Nistarini, "huyu wa pili ana miguu."

Waliokuwa karibu wakatazama. Chini ya pindo jekundu palikuwa na miguu miwili, midogo, mitupu, isiyo na rangi nyekundu ya wanawake wenye waume wala pete ya kidole, miguu ya mjane. Maji yalitiririka kutoka kwayo yakaenda mpaka kwenye vidole vya Panchibala. Nistarini naye akatazama, kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akapiga magoti kwa shida, akalivuta pindo la sari chini mpaka likagusa ardhi, akalinyoosha kwa kiganja mbele na nyuma, kama anavyotengenezwa mwari asidhihakiwe na wageni.

"Sogea, Panchi," alisema akijishika ukutani kuinuka. "Kivuli chako kinamwangukia."

Panchibala alisogea nyuma na chungu chake cha shaba mpaka mgongo ukagusa ukuta wa nyumba ya jirani. Nafasi ikapatikana. Vijana wakambeba tena, ngoma zikaanza, na bibi harusi wawili wa Pakrashi wakapelekwa nyumbani kwao kwa vigelegele, barabara nzima, wakasimamishwa kando ya Ganesha.